Karani wa Madai ya Mashimo

Karani anayepokea madai ya magari yaliyoharibiwa na mashimo ya barabarani haandiki neno kabla ya kukuuliza habari za nyumbani, za watoto, hata za gari lenyewe, kana kwamba ni mgonjwa. Huandika polepole, herufi za duara, akinong'ona kila neno.

Mimi nilimpelekea picha ya shimo la mtaa wa Shella lililonivunjia springi. Gari hilo ndilo ninalobebea wageni wa Watamu, na bila hilo sili. Akaitazama, akatikisa kichwa. "Kadii, mwanangu, wakubwa watasema hiki ni kidimbwi tu. Hebu twende." Tulipofika, alivua viatu, akakunja suruali yake iliyopigwa pasi, akaingia. Maji yakamfika magotini. Madereva wa tuktuk wakapiga honi na kushangilia. Yeye akasimama wima kama anayepigwa picha ya pasipoti. "Piga, na uso uonekane!"

Tuliporudi ofisini, mkubwa wake aliikodolea macho picha ile. "Huyu si wewe?"

"Ni mimi, bwana. Na hapo nimesimama ukingoni. Katikati sikuthubutu."

Muhuri ukagongwa papo hapo.