Gego la Cucu na Nta ya Mshumaa

Enzi zetu meno yalifanya kazi. Tulifungulia soda kwa meno, tukamenya miwa kwa meno, tukakata uzi, tukafungua hata fundo la kamba ya mbuzi lililowashinda watu wazima. Kwetu, mwendo wa saa moja hivi kutoka mji wa Nyeri, mswaki ulikuwa kijiti kilichotafunwa ncha, na dawa ya meno ilikuwa mkaa uliosagwa. Leo wajukuu wangu wana miswaki inayojizungusha yenyewe kwa betri, na bado ukiwapa kipande cha muwa wanakuuliza kisu kiko wapi.

Jino likiuma, dawa ilikuwa moja tu. Dresa wa zahanati alikuwa na koleo, kiti cha mbao na mikono minene, wala hakuwa mtu wa maswali mengi. Uliloonyesha ndilo lililong'olewa, hata kama kidole kilitetemeka kikaonyesha la jirani. Ndiyo maana ilikuwa ajabu kubwa siku Baba, karani wa kiwanda cha kahawa, alipokwenda hospitali ya Nyeri akishika shavu, akarudi na jino lake bado limo kinywani. Alitueleza kwamba limezibwa. Mashine ilichimba uozo wote, kisha tundu likajazwa madini yanayong'aa kama fedha.

Shida ni kwamba gego lenyewe lilikuwa nyuma kabisa. Mtu akinunua koti jipya analivaa watu wakaliona, lakini jino la nyuma utalivaaje? Baba akaanza kucheka. Alicheka akisalimiwa, akacheka akiulizwa habari ya mvua, akacheka kichwa kikiwa kimerudi nyuma na mdomo wazi kama anayesubiri kulishwa. Jirani mmoja alikuja mchana kweupe na tochi, akachungulia, akaenda kumwita mkewe. Mama alisema katika miaka yote ya ndoa yao Baba hakuwahi kucheka mzaha wake hata mmoja, na sasa anachekea hata bei ya sukari.

Aliyekataa kushangilia ni Cucu, mama yake Baba, aliyeishi katika nyumba yake hatua chache kutoka jikoni kwetu. Mimi ni wajina wake, Wangeci, mtoto wa kwanza wa kike, na kwa desturi yetu nilipewa jina la mama ya baba. Kwa hiyo Baba aliniita "mama", na Cucu alinitetea kama anayejitetea mwenyewe. Lakini jino la Baba hakulitetea.

"Jino ikioza inatolewa," alimwambia. "Wewe umewekewa mabati mpya kwa nyumba imeoza, na unatuitia watu waone."

Mimi niliyakubali yale mabati kwa moyo wote. Nilikuwa na miaka tisa, na wiki hiyo hiyo nikafungua hospitali nyuma ya jiko. Dawa zangu zilikuwa nta ya mshumaa na ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti za sigara. Mgonjwa alikaa juu ya debe, nikalainisha nta kwa vidole, nikaisukuma kwenye tundu, nikafunika kwa karatasi ili ing'ae kama ya Baba. Malipo yalikuwa kipande cha muwa, na sasa hivi ndipo naona kwamba nilikuwa nikijitafutia wagonjwa wengine.

Hospitali ndiyo iliyoniponza. Kila Jumamosi kazi yangu ilikuwa kuchagua maharagwe na mahindi kwenye ungo, kutoa mawe kabla Mama hajainjika githeri. Jumamosi moja, wiki kadhaa baadaye, kulikuwa na foleni ya wagonjwa watatu, nikachagua haraka haraka macho yakiwa kwenye debe. Tulipokaa kula nikasikia kitu kimelia "ka!" upande wa Cucu. Akaacha kutafuna. Akanitazama. Mama akauliza kama ni jiwe, na Cucu akasema hapana, akaendelea kuchezesha taya polepole bila kutafuna chochote.

Hapo lazima nieleze hali ya kinywa cha Cucu. Meno ya mbele yalikuwa yamesimama vizuri kabisa, lakini magego mengi dresa alikuwa ameshayachukua. Yalibaki mawili tu yaliyokutana, la juu na la chini, upande wa kushoto, na hayo ndiyo yaliyosaga githeri yote aliyokula. Likiondoka moja, lililobaki lingemsagia nani? Na kwetu, siku unapoanza kupondewa chakula pamoja na mtoto anayejifunza kutambaa, hata shauri la kuuza mbuzi huulizwi tena. Cucu alikuwa mtu wa kuulizwa.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kanisa, akaniita nyumbani kwake na kufunga mlango.

"Wajina, leta hiyo hospitali yako," akasema. "Na baba yako asijue. Ati acheke mpaka lini?"

Nikachungulia. Gego la chini lilikuwa limevunjika upande mmoja, na tundu liko wazi. Nilijua ni jiwe langu, naye alijua, lakini hakulitaja. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akanipa ugoro nitangulize ndani ya tundu ili upoze maumivu. Cucu alikuwa muumini wa kanisa na ugoro aliutumia kama dawa tu, ila alikuwa mtu wa kuugua mara kwa mara. Juu ya ugoro nikaweka nta, juu ya nta karatasi, nikakandamiza kwa kidole gumba. Alikwenda kanisani akiimba.

Kile ambacho hatukukumbuka ni chai. Baada ya ibada wazee wa kanisa walikuja kwetu, na kwa baridi ile ya mlimani chai ya maziwa hunywewa ikiwa bado inalalamika. Cucu akapiga funda la kwanza, la pili. Nta ikalegea. Kisha akauma kipande cha nduma iliyochemshwa, na ile karatasi ikazama mpaka ndani ya jino. Mzee mmoja alikuwa katikati ya habari ya ziara yake ya Murang'a, Cucu akaruka kutoka kitini, mkono shavuni, macho juu. Yule mzee akadhani ameguswa na Roho, akaanza kumsifu Mungu.

Cucu akatema kwenye kisahani. Nta, karatasi ya sigara, na ugoro, vyote vikakaa pale mbele ya mzee huyo huyo, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amehubiri juu ya ubaya wa tumbaku. Mzee alitazama kile kisahani, kisha akaomba kuongezewa chai.

Baba akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefanya kazi hiyo. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni.

"Ni mimi nilimtuma," Cucu akasema. "Usiguse huyo mtoto."

Hapo nikaangua kilio, nikasema yote, jiwe na foleni na muwa. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Jumatatu tukaenda Nyeri, sisi watatu, kwa sababu Cucu alikataa katakata kwenda bila mimi. Daktari alikuwa kijana mwenye miwani. Aliangalia kwa kioo chake kidogo, akagonga hapa na pale, akamgeukia Baba badala ya Cucu. Alisema jino limevunjika vibaya, na kwa umri wa mama huyu ni heri litolewe tu. Baba aliyekuwa amehubiria kijiji kizima juu ya kuziba meno akabaki anatazama sakafu. Mimi nilitamani sakafu hiyo inimeze.

Cucu akajiinua kwenye kile kiti.

"Daktari, niangalie mimi," akasema. "Hizi za mbele ni za kusalimia wageni. Hii ndiyo inakula. Ukitoa hii, mimi umenitoa kwa watu."

Daktari akachukua kioo tena. Akasema atajaribu kuliziba, ila hawezi kuahidi. Cucu alidungwa sindano ya ganzi, mashine ikalia, na muda wote alinibana mkono hivi kwamba vidole vyangu navyo vikaingia ganzi bila sindano. Tulipotoka aliambiwa asilitumie jino mpaka kesho yake. Alingoja siku mbili, kwa usalama.

Siku ya tatu akaagiza githeri. Mama, kwa busara zake, akachukua ungo achague mwenyewe. Cucu akautoa mikononi mwake, akanipa mimi. Nilichagua punje moja moja. Nilizigeuza, nikazinusa, Baba akauliza kama tutakula mwaka huu. Ilipopakuliwa, Cucu alipeleka kijiko cha kwanza moja kwa moja upande wa kushoto, bila kupapasa kwa ulimi, akatafuna huku akizungumza na Mama habari za kuku. Mimi sikugusa chakula changu. Baba naye hakugusa chake. Cucu akamaliza, akanyoosha sahani aongezewe, ndipo tukaanza kula.

Siku hizi githeri inanunuliwa imeshachemshwa, na mawe sijui yalikwenda wapi. Wajukuu wangu wamenyooshwa meno kwa waya, meupe yote, na nawafurahia kwa dhati, maana koleo la dresa simtakii mtoto yeyote. Wanakula macho kwenye simu, na mtu akipiga kelele mezani wanauliza baadaye kulikuwa na nini. Hawajawahi kukaa mbele ya chakula walichokiandaa wakimtazama kwa hofu mtu akikitafuna. Wana meno mazuri kuliko ukoo wetu mzima, lakini hakuna aliyewahi kuwakabidhi gego lake la mwisho.