Mitutu ya Mzee Yohana

Nilisafiri siku tatu kutoka Kigoma hadi Ihanda, nimechoka kuhamahama, nikitumaini nitapata kijiji cha kubaki. Kazi yangu ya kwanza ya ufundi ilikuwa kukagua bunduki ya zamani ya Mzee Yohana, aliyekuwa mgonjwa kitandani. Alitaka kujua kama mitutu yake miwili iliwahi kukatwa, na kama bado ni salama.

Midomo ya mitutu ilikuwa imegusana. Mitutu miwili hukaribiana kuelekea mdomoni; ingekuwa imekatwa, pangekuwa na mwanya kati yake. Ili nisikie kama ina ufa, niliitoa kwenye bunduki, nikaining'iniza kwenye mparachichi nikaigonga kwa spana. Ikalia safi kama kengele. Nikakumbuka karakana ya marehemu baba, nikaendelea kugonga.

Sikujua kwamba kanisa la jirani hugonga chuma, na kikilia katikati ya juma ni msiba.

Wanawake wakafika na unga na kuni, wakilia. "Mzee amefariki saa ngapi?"

Mzee Yohana akatoka na blanketi lake. "Poleni jamani. Tumefiwa na nani?"

Wote wakaitazama spana yangu.

"Fundi, mitutu inasemaje?"

"Ni mizima, mzee."

"Basi waambie na mimi ni mzima."

Asubuhi nilipanda gari la Tunduma kwa aibu, wala sikurudi tena. Kondakta alinitazama. "Fundi, leo unakwenda kumzika nani?"