Mama Goodness Hahesabu Saa za Angani

Mama Goodness anauza tiketi za ndege hapa Kalangalala, kibanda chake ubavuni mwa changu cha ufundi simu. Ukimuuliza ndege inachukua muda gani, anakukata jicho. "Umelala wapi? Na unakwenda kufika mlango gani?" Hapo ndipo anaanza kuhesabu. Nilikuwa namcheka sana.

Siku moja saa tatu asubuhi alikuja Majaliwa, muuza vitenge wa jirani, macho mekundu. Mama yake amefariki Dar es Salaam, maziko alasiri. Mimi na kiherehere changu nikachomoa simu. "Usilie, bwana! Ukipandia Shinyanga, hadi Dar ni kilomita mia saba na kitu, saa moja na robo tu. Utawahi!"

Mama Goodness akanigeukia. "Simu yako imepima anga, Denis. Imekwambia leo kuna ndege Ibadakuli, uwanja wa Shinyanga? Na huko Ibadakuli atafika saa ngapi? Hebu nyamaza."

Nikairudisha simu mfukoni.

Akahesabu kwa sauti. Hapa hadi uwanja wa Mwanza, saa mbili na nusu. Ndege yenye nafasi inaruka saa nane na nusu, inatua saa kumi. Halafu foleni mpaka Temeke. "Alasiri hutaiwahi, baba. Sitakudanganya."

Majaliwa akakaa chini palepale vumbini. Kusema kweli nilimchukia yule mama. Mtu kafiwa, unampa hesabu?

Kumbe hajamaliza. "Mkubwa wenu nani? Nipigie." Akapewa Abdulshakur, kaka yake Majaliwa, mtu asiyemjua kabisa. "Shikamoo kaka, poleni na msiba. Mimi Mkristo, taratibu zenu sizijui zote, ila saa nazijua. Mdogo wako atakuwa mlangoni saa kumi na moja na nusu. Mnaweza kumngoja?"

"Una hakika, mama?" sauti ya Abdulshakur ikasikika simuni. "Maiti haicheleweshwi."

Mama Goodness akasogeza simu mdomoni. "Baba yangu alizikwa Ushirombo nikiwa njiani. Nilikuwa natoka huko huko Dar. Niliwaambia ndugu ndege ni mwendo wa saa moja na nusu, nikaisahau barabara. Walinisubiri mpaka wakachoka. Nina hakika, kaka."

"Basi tutamzika kabla ya magharibi."

Miaka sita tumekaa ukuta mmoja, na habari hiyo sikuwahi kuisikia.

Majaliwa akaondoka. Mchana kutwa Mama Goodness alishika rozari na kutazama saa. Wateja wawili walikuja, akawaambia warudi kesho. Mimi nilifungua simu moja mara tatu bila kujua natafuta nini.

Jua linazama, simu yake ikaita. Akaiweka kwenye spika, nami nisikie.

"Mama, nimefika saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Nimeshuka kaburini mwenyewe. Nimempokea mama kwa mikono yangu."

"Mungu ashukuriwe, mwanangu."

Akakata. Akavuta kanga, akajifunika uso, akamlilia baba yake. Nikamletea maji, nikakaa naye mpaka alipomaliza.