Hatua Saba za Mtaro

Juzi, siku moja baada ya ile mvua kubwa, nilirudi Shauri Moyo kumjulia hali jirani yetu wa zamani. Nilimkuta kibarazani, godoro lake limeegemezwa ukutani likichuruzika maji. Mbele ya mlango wake mtaro ulikuwa umefurika taka, na juu ya taka lilikuwa limelala bango la kamati ya mazingira ya mtaa, limeangushwa na upepo, limeziba pale maji yanapopita. Maandishi yalisomeka vizuri: TUTUNZE MAZINGIRA. Nilicheka kwa hasira.

Ungeuona mtaro huo zamani, ndugu yangu. Nilipokuwa mdogo, ufunguo wa bomba la maji la mtaa ulining'inia shingoni mwa nyanya yangu kwa kamba ya kiatu. Kila nyumba ilikuwa na hatua saba za mtaro, alizopima nyanya kwa miguu yake na kuzitia alama ya chokaa. Jumamosi za kabla ya masika tulitoka na majembe na makarai. Aliyesafisha hatua zake alichota maji kwanza. Asiyesafisha alichota mwisho, hata awe karani wa mjini mwenye tai. Akilalamika, nyanya alimjibu kwamba yeye haangalii tai, anaangalia mtaro.

Nakumbuka uvundo wa tope jeusi na majembe yakikwaruza saruji, halafu harufu ya viazi karai na ukwaju. Jirani huyu ndiye aliyevikaanga. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho huku chini, maji yetu sote yalipita kwake, basi alituhonga kwa viazi. Hakuna maji ya masika yaliyoingia kwake.

Nilipokuwa kidato cha pili wakaja waheshimiwa kutuundia kamati. Ilikuwa na mwenyekiti, katibu, naibu wa katibu na mjumbe wa kubeba faili. Wakatuita ukumbini, wakatugawia soda, wakasema ni ushamba bomba la umma kushikwa na ajuza mmoja. Anayekubali apige makofi. Nilipiga, tena kwa nguvu, maana viganja vyangu vilikuwa na malengelenge ya jembe. Nyanya alivua ufunguo, akauweka mezani, akaenda kupika sukuma.

Tangu siku hiyo kamati imebadilisha fulana mara nne. Imehudhuria semina za mitaro kwenye hoteli ambazo hazina tope hata la kuonja. Imepanda mti mmoja na kuupiga picha mpaka ukafa. Mvua zimebadilika, sibishi: zamani zilianza kwa manyunyu, siku hizi zinamwagwa kama maji ya kufulia. Lakini watu hawa wanaitaja tabianchi kama mtoto anayemsingizia paka.

Mwenyekiti wa sasa alipita tukiwa pale, gambuti zake safi kabisa. Nilimuuliza mtaro utazibuliwa lini.

"Niaje, mkubwa. Hiyo mtaro iko kwa ripoti. Tunangoja tu semina ingine."

Nilimdharau mpaka nikasikia raha. Nikamgeukia jirani ili tumdharau pamoja, lakini yeye alikuwa anatazama juu, kwenye nyumba yetu. Ufunguo wa nyumba hiyo ninao mimi. Nimefungia humo makochi ya nyanya, nami naishi mbali, kwenye mtaa wenye geti.

"Mwanangu," aliniambia polepole, "hii takataka haikuanzia kwangu. Hatua zenu ni zile pale. Tangu tumzike nyanya yako hakuna aliyezigusa, na kila mvua taka zake zinanishukia mimi."

Nilipanda nikazihesabu kwa miguu yangu. Chokaa ilishafutika, lakini saba zilikuwa saba, zimejaa magugu, chupa na tope la miaka. Hapakuwa tena na bomba la kunichelewesha wala wa kuniweka mwisho wa foleni. Niliona aibu, nayo ilistahili.

Nikavua viatu, nikaazima jembe na karai la jirani. Nilipotumbukiza mguu, mwenyekiti akatoa simu, akaniomba anipige picha ya kutia kwenye ripoti. Nikamwacha apige. Makofi nilishawapigia zamani, picha ni nini.