Maonyesho Yalipohamia Mashambani

Jirani yangu Theresia, fundi cherehani wa Kibaoni, hajui kufurahi kimyakimya. Alipoingia kutazama maonyesho ya watu waliohamia bonde la Kilombero, sisi tuliokuwa mlangoni tulidhani ameumwa na siafu. Kumbe amemwona baba yake.

Baba huyo, Mzee Damiani, alishuka na wanawe kutoka Mahenge, akaenda kukata miwa. Mzee alifariki wakati Wendelin, kitindamimba wake, angali akibebwa mgongoni, na nyumbani haikubaki picha hata moja. Careen, mtafiti wa chuo kikuu, ndiye aliyeipata picha yake kwa mstaafu mmoja aliyekata miwa naye. Akaikuza, akaitundika ukumbini pamoja na simulizi za wahamiaji wengine.

Sasa ukumbi wenyewe ulikuwa mtupu. Tarehe waliipanga Careen na Theresia, na wote wawili, watoto wa bonde hili hili, walisahau kwamba mpunga ukianza kuiva nusu ya Ifakara huhamia mashambani. Maonyesho ya wahamiaji, na wahamiaji wenyewe wamehama! Nilicheka mpaka Theresia akanikata jicho. Kesho yake picha zilikuwa zinapelekwa Dar es Salaam, na Wendelin, ambaye hakuwahi kuijua sura ya baba yake, alikuwa shambani, juu ya dungu la miti, anawinga ndege wasile mpunga wake. Kwelea hawana huruma. Ukiwapa kisogo, umewalimia wao.

"Mwanangu," Theresia alimwambia Careen, "baba alihama kwa miguu. Leo atashindwa kupanda bodaboda?"

Careen akacheka, kisha akaanza kufungua kamba za picha. Tulizifunga kwa vitenge vya Theresia, tukaondoka kwa bodaboda kadhaa huku tukiimba, matope mpaka magotini. Sijawahi kuona utafiti ukishangiliwa namna ile. Tuliziegemeza picha kwenye nguzo za dungu la Wendelin, na majirani wa shamba wakateremka kwenye madungu yao, Wapogoro kwa Wasukuma, kila mmoja akitafuta ndugu.

Wendelin alishuka wa mwisho, kombeo mkononi. Alitazama, halafu akajishika masikio, yale makubwa ambayo tangu utotoni tulimtania kuwa aliyaokota njiani.

"Dada," alisema, "kumbe haya ni ya kwake."

Kundi la kwelea likatua kwenye mpunga wake, wala hakugeuka. Theresia alimtoa kombeo mkononi taratibu, akapanda dunguni kuwinga ndege, ili mdogo wake aendelee kutazama.