Mlango wa Trela la Farasi

Juzi nilimpeleka baba kwenye maonyesho ya kilimo hapa Columbus. Binti yangu alitaka bembea na peremende. Mimi nilitaka mzee apate hewa, maana tangu aache kazi ghalani anakaa tu Reynoldsburg mbele ya televisheni. Tulipopita nyuma ya mabanda ya wanyama, harufu ilinifikia kabla sijaona chochote: ngozi yenye jasho, nyasi kavu, dawa ya kung'arishia shaba. Nikasimama palepale. Usinicheke, rafiki yangu. Ningekuwa peke yangu ningegeuka nirudi kwenye gari.

Nilipokuwa na miaka tisa, baba alitunza farasi wakubwa wa kuvuta magari, wale wenye kwato pana kama sahani. Tulikuwa wageni Marekani, mimi na yeye tu. Mama alikuwa bado katika kambi ya wakimbizi, faili lake limekwama. Mwenye farasi, mzee mmoja mwenye shamba nje ya Louisville, alimwajiri baba kwa kusikia kwamba ni mfugaji. Kweli alikuwa mfugaji, ila wa ng'ombe, kule milimani Kivu Kusini. Farasi hakuwahi kumgusa. Alinyamaza, akajifunza. Kila kiangazi tulitoka Louisville na farasi sita na gari lao jekundu la mbao, tukaja Columbus, tukapanda hadi Buffalo, kisha tukarudi, na kila mahali walilivuta gari lile uwanjani watu wakipiga makofi.

Nasema tulizunguka, lakini mimi sikuona kitu. Mwenye farasi alikuwa na sharti moja: hataki mtoto karibu na wanyama, kwa sababu ya bima. Kipindi cha shule nilikaa kwa watu wa kanisani, lakini wakati wa likizo wote walikuwa kazini, na baba hakuwa na pa kuniacha. Basi alinificha. Mbele ya trela la farasi kulikuwa na chumba kidogo chenye kitanda, jiko la gesi na dirisha moja. Mwenye farasi alilala hotelini, hakuwa na sababu ya kuingia humo.

"Bon, usitoke, na rideau usiiguse," baba aliniambia kila asubuhi akivuta pazia. "Patron akikuona, kazi imeisha." Kisha alifunga kwa nje na kutia ufunguo mfukoni.

Kwa hiyo maonyesho niliyajua kwa masikio na pua. Nje vitunguu vilikaangwa, watoto walipiga mayowe kwenye mabembea. Ndani kulikuwa na feni moja, ugali wa jana na sombe, yale majani ya muhogo. Kazi yangu ilikuwa kusugua vipande vya shaba vilivyopamba mikanda ya farasi, mpaka vidole vikawa vyeusi. Farasi wenyewe nilikuwa sijawakaribia, lakini niliijua shingo ya kila mmoja kwa upana wa kola yake. Niliichukia ile shaba. Na baba pia nilimchukia, nisikufiche, hasa mchana jua likiwa juu ya bati. Jioni akiniletea hindi la kuchoma tulipatana tena.

Halafu alienda kuwasifu farasi. Kwetu milimani ng'ombe husifiwa wakirudi zizini, kila mmoja kwa jina, kwa rangi, kwa ukoo wa mama yake. Baba hakujua namna nyingine ya kuishi na mnyama. Farasi wa yule mzee aliwapa majina ya ng'ombe, huyu Bihogo, yule Gaju, akawatungia hata ukoo. Mabanda yalikuwa ng'ambo ya ukuta wa trela, nami kitandani nilisikia kila neno mpaka nikayajua yote kwa moyo. Watu wa mabanda ya jirani walimcheka. Farasi walitulia kabisa.

Kiangazi cha tatu, hapahapa Columbus, baba na mwenye farasi walikuwa uwanjani na farasi wanne. Bihogo na Gaju walikuwa wamebaki bandani. Mara nikasikia mbao zikipigwa mateke, tena na tena, na mkoromo wa mnyama aliyenaswa. Nilijua nikipiga kelele nitajulikana. Nikashika kitasa bila kufikiri, na mlango ukafunguka.

Bihogo alikuwa amelala karibu mno na ukuta. Miguu ilikuwa imekunjamana kwenye mbao, hawezi kugeuka wala kuinuka, jasho linamtiririka. Mama mmoja wa banda la pili alikuja mbio na kamba, na wanaume wawili nyuma yake, lakini kila waliposogea alirusha mateke. Nikasimama upande wa kichwa chake, nikaanza kwa lugha ya nyumbani: Bihogo, mwana wa aliyetangulia kuvuka mto, mwenye mgongo wa kupokea mvua. Sauti ilikuwa ya kitoto, lakini maneno yalikuwa ya baba. Akaacha kupiga. Wakapitisha kamba miguuni, wakavuta, wakamgeuza, akasimama.

Nilipogeuka, baba na mwenye farasi walikuwa mlangoni mwa banda.

"Huyu mtoto ni wa nani?" mzee aliuliza.

"Wangu," baba alisema.

Mzee alivua kofia. "Ameniokolea farasi, namshukuru. Lakini watu wa bima wakijua nimekwisha. Hamwezi kubaki."

Baba aliuliza tu kama anaweza kuwalisha kwanza. Aliwalisha, akawasifu wote sita, tukachukua mfuko wetu. Wiki iliyofuata alianza kazi ghalani hapa mjini, masanduku kutoka upande huu kwenda upande ule, miaka kumi na saba, chini ya taa, bila dirisha. Mimi nilipata shule ya karibu na kwetu, basi la manjano, marafiki, na baadaye mama. Nimeishi nikijua kwamba siku niliyotoka mimi ndiyo siku aliyoingia yeye.

Yule mzee amekufa, na shamba lake limekatwa viwanja. Lakini juzi palikuwa na farasi mmoja wa kahawia nyekundu nyuma ya kamba. Baba alisimama mbele yake na kuanza kusifu. Maneno mawili matatu, kisha akakwama. Nikaona aibu usoni mwake, ndipo nikasema nililolibeba miaka yote: "Baba, unisamehe. Siku ile ulisahau kufunga mlango, nami nikatoka."

Hakugeuka. "Ule mulango sikusahau," alisema. "Nilichoka kukufungia, mutoto yangu."

Binti yangu akanivuta mkono, anataka bembea. Baba aliomba abaki pale dakika moja zaidi. Nikamwambia akae anavyotaka, kisha nikasimama karibu naye na kumkumbusha, neno kwa neno, pale alipokwama.