Mama Simel na Safari Asiyoikubali

Nianze na jina, maana jina peke yake limeshanigombanisha na watu watatu. Huyu mama anaitwa Naserian, lakini hapa kwetu juu ya Ngaramtoni hakuna anayemwita hivyo. Ni Mama Simel. Simel ndiye mwanawe wa kwanza, askari, alikwenda kulinda amani nchi ya watu akarudishwa kwenye jeneza lenye bendera, huu mwaka wa nne. Baada ya msiba wakatokea wenye huruma zao wakasema tuanze kumwita Mama Lekishon, kwa jina la mdogo wake Simel, ili tusimkumbushe. Aliposikia akawauliza nani amewaambia kwamba yeye amesahau. Basi ni Mama Simel, na ukikosea hageuki, hata kama unamwita kumwambia ng'ombe wake kaingia kwenye mahindi ya mtu.

Mimi ni jirani yake, Aika, Mchaga wa Machame. Niliolewa huku kwa Waarusha miaka ishirini na sita iliyopita na mpaka leo wananitania kwamba nilifuata ng'ombe. Nawajibu kwamba wangekuwa na akili ya biashara wangenifuata wao. Mama Simel ndiye peke yake hakuwahi kunitania. Siku niliyofika alinipa kibuyu cha maziwa, akanionyesha njia ya kisimani, akanitajia watu wa kukwepa. Miaka yote hii sijaona alipokosea kwenye watu wale.

Ana ng'ombe wanne na anawakamua mwenyewe, saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni. Mume alifariki watoto wakiwa wadogo, na maziwa ndiyo yaliyowasomesha. Ya kunywa nyumbani yanaingia kwenye kibuyu alichokifukiza kwa kaa la mti wa loirieni, yananukia moshi mzuri mpaka unasahau chai. Ya kuuza yanapanda bodaboda mpaka Ngarenaro kwa Kusum, mama wa Kihindu anayepika ladu na barfi, vitamu vya Kihindi. Kusum ana kipimo chake cha kukamata maziwa yenye maji, na kwa Mama Simel aliacha kukitumia zamani sana. Nayasema haya ili mjue ni mtu wa namna gani kabla hamjaanza kumwita mkorofi, kama walivyomwita wengine.

Mwaka jana mwezi wa kumi, Lekishon akaja likizo. Naye ni askari. Akamwambia mama yake kwamba kikosi chake kinakwenda kulinda amani, nchi ile ile. Jina la nchi silitaji kwa sababu Mama Simel hapendi litajwe mlangoni kwake. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mkubwa wake alimwita pembeni akamuuliza kama angependa abaki, kwa ajili ya kaka yake, na kijana akajibu kwamba atakwenda. Aliulizwa, akakataa kubaki. Mama Simel alikuja kwangu akalisema hilo akiwa amesimama mlangoni, hakutaka hata kukaa.

Sasa sikilizeni desturi ya boma lile. Mtu wa safari ndefu haondoki mpaka mama yake amnyunyizie maziwa kwa majani mabichi, maziwa ya ng'ombe wa nyumba hiyo, kutoka kwenye kibuyu cha mama. Sala ya kanisani inafuata, nao ni Walutheri wa kweli, lakini maziwa ndiyo yanatangulia. Hata mwinjilisti wetu alipokwenda kusoma Biblia alinyunyiziwa. Asiyenyunyiziwa anatoka nyumbani kama mwizi, na Lekishon, pamoja na buti zake na vyeti vyake, hilo alikuwa analiogopa.

Aliyeshika mambo ni shemeji yake Mama Simel, Mzee Solomoni, kaka wa marehemu mumewe. Mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu, akipewa dakika tano anachukua arobaini. Yeye na wanaume wenzake wakapanga siku, Jumamosi, wakachagua mbuzi, wakamwalika mwinjilisti, wakaalika ukoo. Mama Simel akapewa taarifa Alhamisi, kama mtu anayetangaziwa kwamba umeme utakatika. Jamani! Mnapanga baraka ya mama bila kumuuliza mama? Mimi nilikereka, ingawa nisiwadanganye, kwenye suala lenyewe nilikuwa upande wa wanaume. Niliona kijana ni askari, kala kiapo, nchi imemtuma, basi aende.

Jumamosi saa sita boma lilijaa. Lekishon kavaa sare, maana alitakiwa awe kambini kabla ya saa kumi na mbili jioni na gari la kumchukua lilikuwa linakuja saa tisa. Solomoni akasimama. Akatueleza jinsi nchi hii ilivyowasaidia wengine kupata uhuru wakati sisi wenyewe hatuna kitu, jinsi wakimbizi wanavyoishia kwetu majirani wakipigana, na kwamba mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Watu wakaguna kukubali. Nami niliguna.

Mama Simel alikuwa kakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni. Akasimama, akavua kitambaa. Tangu amzike Simel hajaacha nywele ziote.

"Shemeji, mimi nilishanyolewa," akasema. "Kunyolewa kwa nani unanionya?"

Mtu akakohoa. Solomoni hakuwa amejiandaa na hilo, lakini mwalimu ni mwalimu, akasema suala hapa siyo mtu mmoja, ni taifa. Hapo ndipo mama akaanza kumjibu. Alisema mpaka wetu ukivamiwa, buti za Lekishon atazifunga yeye mwenyewe kwa mkono wake. Nyumba ya jirani ikiungua atapeleka maji, na sisi sote tumewahi kumwona akipeleka. Lakini hampeleki mtoto akakae mwaka mzima kwenye moto ambao wenye nyumba wenyewe wanauchochea, na matajiri wa mbali wanauza kuni. Akauliza kuna nani pale mwenye mtoto aliyekwenda. Watu wakaangalia chini. Akamwuliza Solomoni wanawe watatu wako wapi. Kila mtu alijua: wawili wana maduka mjini, mmoja yuko Themi, mhasibu. Haki ya Mungu, nilitamani ardhi inimeze, na hata siyo mimi niliyeulizwa.

Mwinjilisti, mtu mpole, akaona bora twende kwenye baraka, mjadala utaendelea siku nyingine. Solomoni akaomba kibuyu kiletwe. Mama Simel akakileta mwenyewe, akakigeuza juu chini mbele ya watu wote. Halikudondoka hata tone.

Ilikuwa wiki ya Diwali, sikukuu ya Wahindu. Kusum alikuwa ameagiza maziwa yote ambayo mama angeweza kupata, na mama alikuwa ameyapeleka yote, ya kuuza na ya nyumbani. Baadaye nilimuuliza kama alifanya makusudi. Akasema ndiyo, na akaendelea kuchambua maharage.

Wanaume wakashauriana. Ng'ombe wanakamuliwa saa kumi na moja jioni, gari linakuja saa tisa. Ndipo Solomoni, msomi wetu, akatoa noti na kumtuma mtu dukani. Huyo akarudi na pakiti mbili za maziwa, za baridi, zinatoka jasho. Mzee akaanza kuikata moja kwa meno aimimine kwenye kibuyu.

Mama Simel hakupaza sauti. Alikichukua kibuyu mikononi mwake. "Huyu nilimnyonyesha miaka miwili," akasema, "nawe unataka nimbariki kwa maziwa ya pakiti?"

Kuna waliocheka, mimi nikiwemo, kicheko cha aibu. Solomoni hakucheka. Alikuwa kaaibika mbele ya ukoo mzima, na mtu aliyeaibika hana breki. Akasema neno ambalo mpaka leo sijamsamehe. Alisema sawa, kijana ataondoka mkavu, na likimpata la kumpata huko, damu yake itakuwa juu ya mama yake.

Nilimwona Lekishon akishtuka. Mama akamgeukia shemeji yake.

"Simel nilimnyunyizia mpaka maziwa yakaisha kibuyuni," akasema. "Nilipiga vigelegele, wewe ulikuwepo. Nilisema nenda mwanangu, umetuletea heshima. Sasa niambie, Solomoni. Damu yake iko juu ya nani?"

Mwinjilisti alikuwa na Biblia mapajani, hakuifungua. Nami upande wangu wa wanaume ukanishinda palepale, nikaona haya kwa kuguna kule kwa mwanzo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunausema msemo huu kila msibani, halafu tunakwenda kula pilau.

Ndipo Lekishon akajitokeza. Alikwenda mbele ya mama yake akachuchumaa, na sare yake ikiwa imepigwa pasi vile. Alimwambia kwamba Simel, wiki mbili kabla hajafa, alimpigia simu akamweleza juu ya soko moja la huko. Linafunguliwa Jumamosi tu, kwa sababu Jumamosi askari wetu wanasimama njiani. Siku nyingine akina mama wanalala na ndizi zao zinaoza, wakitoka wanachinjwa. Akasema yeye haendi kwa ajili ya heshima wala kwa ajili ya maneno ya baba mkubwa. Anakwenda kwa sababu ya Jumamosi.

"Yeyo," akasema, na hilo ndilo mama kwa Kimaa, "siombi ukubali. Naomba usiniache nitoke hivi."

Mama alikaa. Akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama akina mama wa soko lile hawana watoto wa kiume wa kusimama njiani. Lekishon akajibu kwamba wengi wao wameshauawa. Mama akasema basi na yeye amebakiwa na mmoja. Nilidhani yamekwisha hapo, kwamba kijana ataondoka kama alivyo, maana hakuna kati yao aliyekuwa amesogea hata hatua moja.

Lekishon akasimama. Akavua kofia akanipa niishike, akachukua kibuyu kutoka mikononi mwa mama yake, akaenda zizini. Sote tukageuka kutazama. Kuna ng'ombe mmoja, mwenye ndama mdogo, ambaye mama huwa anamwachia kidogo kwenye chuchu kwa ajili ya ndama. Lekishon akamwachia ndama anyonye kidogo ng'ombe ateremshe, akamvuta pembeni, akapiga magoti kwenye samadi na ile suruali ya jeshi, akakamua. Alikamua kwa vidole vitatu, jinsi mama yake anavyokamua. Yalipatikana kama kikombe kimoja, siyo zaidi.

Akarudi, magoti yamechafuka, akampa mama kibuyu kwa mikono miwili. Gari lilikuwa limeshafika barabarani, linapiga honi.

Mama Simel akachuma majani mabichi kando ya nyumba. Akatugeukia sisi wote, wanaume kwa wanawake, akasema tusikilize vizuri, maana hatarudia. "Huyu ni mwanangu na nambariki. Safari yake siibariki. Atakayesema Naserian alikubali, huyo ni mwongo, na nitamfuata mpaka kwake."

Akachovya majani. Akamnyunyizia kichwani, mabegani, kifuani, kwenye buti. Akamwombea arudi na miguu miwili na macho mawili, aje azae, aje amzike yeye. Hakuacha mpaka kibuyu kikakauka. Solomoni akasema amina.

"Usiniitikie amina wewe," Mama Simel akamwambia, bila hata kumtazama.

Lekishon akamkumbatia, akaja kwangu kuchukua kofia yake, akanipa shikamoo ya kuaga, akatembea kwenda kwenye gari na matone ya maziwa mabegani. Hakujifuta. Mama hakumsindikiza mpaka barabarani kama tunavyofanya wengine. Alirudi jikoni akapakua nyama, watu walikuwa hawajala, na Solomoni alipewa sahani yake kama kawaida.

Huu ni mwezi wa nane tangu aondoke, na Lekishon hajarudi. Kanisani, kisimani, hata kwa Kusum, watu wanapenda kumchokoza Mama Simel kwa swali lile lile, je, askari wetu waende au wasiende, na wengine wanategemea kwamba safari hii atakuwa amelainika. Anawajibu hapana, na anatoa sababu zake moja baada ya nyingine. Juzi Jumamosi tulikuwa tunabishana naye hivyo hivyo, mimi na wanawake wawili wa kwaya, simu yake ikaita. Ni Lekishon. Alisimama, akaipokea kwa mikono miwili, akamwuliza kama amekula, kama leo soko limefunguliwa, na kama akina mama wale wameuza. Alisikiliza huku machozi yanamtoka na hakuyafuta. Akamwambia vizuri, simama vizuri, usisinzie. Alipokata simu akakaa, akatutazama sote watatu, akasema bado hapana.